Gereji ya Kampuni au Fundi wa Mtaa: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Gari wa Mombasa

Wenye magari wa Mombasa wamegawanyika katika makundi mawili kuhusu jambo hili. Wako wasiokubali gari lao liguswe na mtu asiyevaa sare yenye nembo ya kampuni, na wako wanaoamini kwamba kampuni zipo kwa ajili ya kumkamua mteja, na kwamba fundi waliyemzoea, anayefanya kazi chini ya mwarobaini, anaweza kila kitu. Makundi yote mawili huumia, la kwanza mfukoni na la pili barabarani. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba hakuna gereji inayofaa kwa kila kazi, na kwamba mambo matatu ndiyo yanayopaswa kuamua: kazi yenyewe inahitaji kifaa gani, ikifanywa vibaya itakugharimu nini, na iwapo wewe mwenye gari una njia ya kuihakiki baada ya kukabidhiwa ufunguo.

Gereji za kampuni zenyewe si za aina moja. Wako mawakala rasmi wa watengenezaji, kama CFAO kwa Toyota na Isuzu East Africa kwa Isuzu, wenye mafundi waliofunzwa juu ya chapa moja, kompyuta za kiwandani na spea zinazoagizwa kwa namba. Ziko kampuni za matairi zenye matawi katika miji mbalimbali ya Kenya, kama AutoXpress na Kingsway, ambazo nguvu yake ni matairi, alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu), balansi, betri na sevisi ya kawaida. Kisha kuna sehemu za sevisi katika vituo vya mafuta, zinazobadilisha oili na filta kwa haraka, na haifai kuzitarajia zaidi ya hapo. Upande wa mafundi wa kujitegemea nako kuna ngazi: kuna karakana iliyosajiliwa, yenye sakafu ya zege, mashine ya kuinulia gari na karani wa kuandika ankara, na kuna fundi wa jua kali mwenye sanduku la spana na vijana wawili wa kumsaidia. Wote wawili wanaweza kuwa mabingwa, na wote wawili wanaweza kukuharibia gari.

Hatua ya kwanza: lijue gari lako na masharti yanayolifunga

Kama gari lilinunuliwa jipya kwa wakala na dhamana yake haijaisha, soma kijitabu cha dhamana kabla ya kumsikiliza mtu yeyote. Kwa kawaida masharti hudai sevisi ifanywe kwa wakati, kwa viwango vya mtengenezaji, na kumbukumbu ziwekwe. Kwa gari la namna hiyo uchaguzi umekwisha kufanywa, na kuokoa shilingi elfu chache za sevisi kwa kuhatarisha dhamana ya injini nzima ni hesabu mbaya. Vivyo hivyo, gari lililogongwa na ambalo lina bima kamili halipaswi kufunguliwa na fundi wako kabla ya kampuni ya bima kulikagua, kwa kuwa kampuni nyingi za bima zina orodha ya gereji wanazozitambua na mkaguzi wao ndiye anayeidhinisha gharama.

Magari mengi yetu, hata hivyo, hayana dhamana ya aina hiyo. Yameshuka bandarini Kilindini yakiwa yametumika Japani, chini ya kanuni ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, inayozuia kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Mwenye gari la namna hii yuko huru kuchagua, lakini uhuru huo unamtaka awe na taarifa. Fungua boneti, utafute kibati cha utambulisho, uandike namba ya chasisi na namba ya injini, kisha uzihifadhi kwenye simu. Usiseme tu kwamba una Toyota Axio, kwa sababu Axio ambayo namba yake ya chasisi inaanza na NZE141 na ile ya NZE161 ni magari mawili tofauti mbele ya muuza spea. Tafuta pia kitabu cha maelezo cha gari lako kwa Kiingereza kwenye intaneti, kwa maana kile kilichokuja nalo kimeandikwa kwa Kijapani, na ndani yake ndimo mlimo aina ya oili, aina ya mafuta ya giaboksi na presha ya matairi.

Kuna jambo moja katika hatua hii ambalo halizungumzwi vya kutosha katika mji wetu. Mifuko ya hewa ya usalama iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani iliwekwa katika mamilioni ya magari ya Honda, Toyota, Nissan, Mazda na wengine, hasa yale ya miaka ya 2000 hadi katikati ya miaka ya 2010. Uchunguzi uliofanywa Marekani ulibaini kwamba kemikali ya amonia nitreti iliyomo ndani ya mifuko hiyo hudhoofika baada ya kukaa miaka mingi katika unyevunyevu mwingi na joto linalopanda na kushuka, kiasi kwamba mfuko unapofunguka kopo lake la chuma huweza kupasuka na kurusha vipande ndani ya gari. Watu wamekufa kwa njia hiyo. Unyevunyevu na joto ndiyo hali ya hewa ya Mombasa mwaka mzima. Gari lililoletwa hapa likiwa limetumika huenda liliondoka Japani kabla ya mfuko wake kubadilishwa. Ingiza namba ya chasisi katika tovuti ya mtengenezaji inayoshughulikia magari yaliyoitwa kurudishwa, au uipeleke kwa wakala rasmi akuangalizie, na usimruhusu fundi wa mtaa, hata awe hodari kiasi gani, kufungua mfuko huo wa usukani.

Hatua ya pili: elewa pwani hulifanyia nini gari

Ratiba ya sevisi iliyoandikwa kwa ajili ya mji wenye baridi haitoshi huku. Hewa ya bahari ina chumvi inayokula chasisi, mabomba ya breki, vichwa vya betri na pini ambazo kalipa za breki hutelezea juu yake. Pini hizo zikishika kutu, pedi ya upande mmoja hulika haraka kuliko ya upande wa pili, breki hupata moto na gari huvuta upande mmoja. Gereji inayosema imefanya sevisi kamili lakini haikuvua magurudumu kuzisafisha na kuzipaka grisi pini hizo, hiyo imebadilisha oili tu. Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu kutoka hewani: mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya yanapaswa kustahimili hadi angalau nyuzi joto 230 kabla ya kuchemka, lakini kiwango cha chini kinachotarajiwa yakishaingia unyevu ni nyuzi 155 pekee. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni jambo la busara, na kila gereji utakayozungumza nayo inapaswa kukubali hilo bila mabishano.

Kisha kuna foleni. Gari linalongoja feri ya Likoni injini ikinguruma, au linalojivuta nyuma ya malori ya makontena kati ya Changamwe na Jomvu, injini yake hufanya kazi saa nyingi kwa kilomita chache, huku feni na redieta zikibeba mzigo wote wa kupoza. Ndiyo maana ninasisitiza suala la maji ya redieta. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, na bado kuna gereji ambazo hujazia redieta kwa mpira wa maji ya kisima. Maji hayo huacha ukoko ndani ya mirija na kula alumini. Kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, iliyochanganywa tayari, au ile ya kuchanganywa na maji safi yasiyo na madini, ndiyo inayofaa, na swali la wanatia nini kwenye redieta ni kipimo kizuri cha gereji yoyote, ya kampuni au ya mtaa.

Hatua ya tatu: igawe kazi kabla ya kumchagua mtu

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote. Chukua kazi moja moja na uiulizie maswali yale matatu ya mwanzo.

Alaimenti ya magurudumu inahitaji mashine ya gharama kubwa inayopimwa usahihi mara kwa mara, na inapokosewa matairi huisha upande. Hata hivyo ni rahisi kuihakiki, kwa kuwa mashine hutoa karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Kazi hii ni ya kampuni za matairi, na karatasi hiyo ni haki yako kuiomba. Matairi mapya nayo ninapendelea yanunuliwe huko huko, lakini si kwa kufumba macho. Katika ubavu wa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Raba huzeeka hata ikiwa ghalani. Ukiletewa tairi lenye umri wa miaka kadhaa kwa bei ya jipya, likatae.

Giaboksi za aina ya CVT, zilizoenea sana katika magari madogo ya Kijapani tunayoendesha, ndipo pesa nyingi za watu zinapozama. Giaboksi hii hutumia mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na kushikana kwake kunategemea mafuta maalumu. Nissan nyingi za CVT hudai NS-2 au NS-3, Toyota hudai CVT Fluid TC au FE, na Honda hudai HMMF au HCF-2 kulingana na mfano. Fundi akitia mafuta ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki, gari litaondoka gereji likitembea vizuri, na wewe hutajua lolote hadi lianze kuteleza na kutetemeka baada ya muda, wakati fundi ameshasahau uso wako. Kwa kuwa huwezi kuihakiki kazi hii kwa macho, na kwa kuwa kosa lake ni giaboksi nzima, mpe wakala rasmi, au fundi maalumu wa giaboksi atakayekubali umnunulie mafuta mwenyewe na uyaone yakimiminwa kutoka kwenye kopo lililofungwa.

Magari ya mseto, yanayotumia petroli na umeme, kama Toyota Aqua, yana nyaya za rangi ya chungwa zinazobeba volti za kuua. Awe wa kampuni au wa mtaa, asiyeweza kukuonyesha glavu za kuzuia umeme na kukueleza jinsi ya kuuzima mfumo huo kabla ya kuugusa hapaswi kuufungua. Kipoza hewa nacho kina sharti lake. Gesi ikipungua maana yake kuna mahali inavuja, na kuongeza gesi bila kutafuta mvujo ni kulipia upepo. Kabla ya kujaza, mfumo unapaswa kuvutwa hewa na unyevu kwa pampu, kisha gesi ipimwe kwa uzito ulioandikwa chini ya boneti. Mombasa wapo mafundi wa kujitegemea wanaofanya kazi ya kipoza hewa pekee na wenye vifaa hivyo vyote, na kwa maoni yangu mara nyingi wao huwashinda wale wa kampuni kwa uvumilivu wa kuutafuta mvujo.

Kazi za chini ya gari ni eneo la fundi wa mtaa. Bushi, boljointi, shokamzoba, beringi za magurudumu na mabomba ya ekzosi hazihitaji kompyuta. Zinahitaji mikono iliyozoea boliti zilizoshikwa na kutu na mtu asiyekimbilia kubadilisha mkono mzima wa sasipensheni kwa sababu ya bushi moja. Katika gereji ya kampuni, altaneta (kifaa cha kuchaji betri) iliyokufa hubadilishwa yote, kwa kuwa muda wa fundi wao ni ghali kuliko kifaa. Fundi wa umeme wa gari wa mtaani ataifungua, ataweka brashi na beringi mpya, na itafanya kazi miaka mingi. Ufundi huo wa kufufua kifaa badala ya kukitupa ni hazina ya mji huu, na unastahili kulipwa vizuri. Kazi za bodi na kutu ni hivyo hivyo, mradi umwone fundi akikata sehemu iliyooza na kuichomelea bati jipya, badala ya kuifunika kwa pati na rangi.

Kubadilisha oili kunaweza kufanywa popote, kwa masharti ya hatua ya sita.

Hatua ya nne: mpime kabla ya kumwamini

Anza kwa kutembelea bila gari, au na gari lisilo na shida. Tazama iwapo gari lililoinuliwa limewekewa stendi chini au limeachwa juu ya jeki pekee, kwa maana asiyejali uhai wa kijana wake hatajali boliti zako. Tazama oili chafu inamwagwa wapi. Hesabu magari yaliyokaa pale yakiwa na vumbi na matairi yaliyolala, kisha uulize kwa upole yanangoja nini. Fundi mwenye kazi nzuri huwa na magari yanayoingia na kutoka. Uliza pia nani hasa atakayeshika spana, kwa sababu katika gereji ya kampuni unayezungumza naye mapokezi si anayefanya kazi, na katika gereji ya mtaa anayezungumza huweza kuondoka na kumwachia spana boi aliyeanza juzi. Cheti cha majaribio ya ufundi cha NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, au mafunzo ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, ni ishara njema, lakini hakitoshi peke yake.

Maswali machache yatakuambia mengi. Kama gari lako lina injini ya Toyota 1NZ-FE, iliyomo katika Probox, Fielder na Axio nyingi, muulize mkanda wake wa taimingi (ule unaooanisha mizunguko ya ndani ya injini) hubadilishwa baada ya kilomita ngapi. Jibu sahihi ni kwamba injini hiyo haina mkanda, ina mnyororo. Kwa Subaru, injini za familia ya EJ hutumia mkanda na zile za FB hutumia mnyororo, na mkanda wa EJ ukikatika huweza kuziharibu valvu. Muulize pia kwa nini angekutilia oili nzito ya 20W-50 ilhali kitabu kinasema 0W-20 au 5W-30. Akijibu kwamba ni kwa sababu ya joto la Mombasa, mwelewe lakini usimkubalie, kwa kuwa joto la ndani ya injini huongozwa na thamostati, si na jua la nje, na njia za oili za injini za kisasa zimetengenezwa nyembamba kwa ajili ya oili nyepesi.

Taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi, kipimo kingine hujitokeza. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari hutoa msimbo, na msimbo hautaji spea iliyoharibika. P0171, kwa mfano, humaanisha kwamba hewa inayoingia katika injini ni nyingi mno ikilinganishwa na petroli, na chanzo chaweza kuwa mpira uliopasuka, kihisi cha hewa kilichojaa vumbi, au pampu dhaifu ya petroli. Anayesoma msimbo na papo hapo kukuandikia kihisi kipya cha oksijeni anabahatisha kwa pesa zako, na hilo hutokea kwa wenye sare na wasio na sare. Anayekwenda kuisikiliza mipira, kupima presha na kusafisha kihisi kabla ya kutaja bei, huyo mshike.

Mpe kwanza kazi ndogo, kama vile pedi za mbele, na uitazame ikifanywa. Fikiria pia upande wa maji unaoishi. Mkazi wa Likoni au Mtongwe anayechagua gereji ya Nyali kwa sababu ni nafuu kidogo atailipa tofauti hiyo kwa muda wa feri, na gari likikwama atalivuta kwa gharama kubwa. Kuwa na fundi wa kutegemewa upande wako, na kuvuka kwa kazi kubwa pekee, ni mpango bora.

Hatua ya tano: pata makadirio kwa maandishi

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari. Inamtaka mrekebishaji atoe makadirio, apate idhini yako kabla ya kufanya kazi na kukutoza, na akurudishie vipande alivyovitoa. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili na ya kupewa taarifa. Fundi wa mtaa hana haja ya fomu. Ujumbe wa simu wenye orodha ya kazi, spea, gharama ya mikono na siku ya kumaliza unatosha kabisa. Mwambie hivi: “Bwana fundi, ukifungua ukakuta jingine, nipigie kabla hujaligusa.” Kisha liandike hilo pia.

Unapolinganisha bei, linganisha vitu vinavyofanana. Kampuni huweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, hivyo kazi ya shilingi 10,000 huwa 11,600, nayo hutoa ankara ya eTIMS inayotambuliwa na mamlaka ya kodi, ambayo ina thamani kwa mwenye biashara. Bei ya fundi wa mtaa mara nyingi haina kodi wala spea ndogo ndogo, na ile ya ofa ya sevisi ya kampuni mara nyingi haina plagi wala filta ya hewa. Lipa kwa namba ya biashara ya M-Pesa inapowezekana, kwa sababu malipo hayo huacha kumbukumbu, na usilipe zaidi ya gharama ya spea kabla ya kazi kukamilika.

Hatua ya sita: shika usukani wa spea

Fundi wengi hupata kamisheni kutoka kwa duka la spea wanalokupeleka. Simlaumu anayeipokea, kwa kuwa wateja wengi hubishania shilingi mia mbili za mikono yake na kulipa elfu tano za spea bila neno. Dawa yake ni kumlipa fundi ujira wa haki kwa uwazi, na kumweleza tangu mwanzo kwamba spea utanunua mwenyewe kwa namba atakayoithibitisha yeye. Katika gereji ya kampuni hutaruhusiwa kwa urahisi kuleta spea zako, na wana sababu, kwa kuwa hawawezi kuidhamini kazi yenye kifaa wasichokijua. Huko, omba jina na namba ya spea viandikwe kwenye ankara.

Spea zipo za namna tatu: za mtengenezaji wa gari, za kampuni nyingine zinazoheshimika kama Denso, Aisin, KYB na NGK, na zile zilizotumika, ambazo tunaziita za eksi-Japani. Hizi za mwisho zinafaa kwa milango, taa, vioo, altaneta na hata injini nzima. Hazifai kamwe kwa pedi, mikanda, mipira, plagi wala kitu chochote kinacholika au kinachozeeka. Jihadhari na plagi na filta za oili za bandia, ambazo boksi lake huigwa vizuri kuliko kilichomo. Nunua oili iliyofungwa, na baada ya kumiminwa litoboe au uliharibu kopo lake, ili lisije likajazwa upya na kuuziwa mwingine.

Hatua ya saba: kabidhi na pokea kwa utaratibu

Kabla ya kuliacha gari, piga picha za kilomita, kipimo cha mafuta, betri pamoja na namba yake, tairi la akiba, na chini ya gari pale ilipo katalaiza ya ekzosi, kifaa kinachopunguza sumu ya moshi. Kifaa hicho kina platini, paladi na rodi, madini yenye thamani kubwa, na kuna wanaokichomoa na kuunganisha bomba tupu mahali pake bila mwenye gari kujua, au wanaomshawishi akiuze kwa kisingizio kwamba kinaziba na kulipunguzia gari nguvu. Usikubali. Kukiondoa huongeza sumu katika hewa tunayopumua sisi na watoto wetu, na kukirudisha ni ghali mno.

Wakati wa kupokea, dai vipande vya zamani, uvishike mkononi na uvilinganishe na ankara. Pima oili kwa kijiti ukiwa pale pale, tazama chini kama kuna tone, kisha uendeshe pamoja na fundi katika njia yenye matuta na mahali salama pa kufunga breki kwa nguvu. Magurudumu yakiwa yalivuliwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Andika tarehe, kilomita, kazi na jina la aliyeifanya katika daftari linalokaa ndani ya gari. Daftari hilo ndilo litakaloongeza bei ya gari siku utakapoliuza, hata kama halina muhuri wa kampuni hata mmoja.

Hatua ya nane: kazi ikiharibika

Simamisha gari mara unapoona hitilafu, kwa sababu kuendelea kuliendesha humpa gereji nafasi ya kusema umeliharibu mwenyewe. Piga video, kisha uwape waliofanya kazi nafasi ya kwanza ya kurekebisha, kwa maandishi na kwa tarehe. Usilipeleke kwa fundi wa pili alifungue kabla yao kuliona, isipokuwa wakikataa. Wakikataa, tafuta ripoti ya mkaguzi asiyehusika, kama vile Chama cha Magari cha Kenya, AA, ambacho hukagua magari kwa malipo.

Ripoti, makadirio, ankara, kumbukumbu za M-Pesa na picha zako ndivyo vitu utakavyobeba hadi Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 na ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Huhitaji wakili, lugha ya Kiswahili inakubaliwa, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Fundi wa jua kali anaweza kushtakiwa humo sawasawa na kampuni, mradi unalo jina lake kamili na mahali anapofanyia kazi, na kwa hiyo viandike vitu hivyo viwili siku ya kwanza unapomkabidhi ufunguo.